Urithi wa Kinga na Saratani ya Mlango wa Kizazi: Historia Inayofika Nyakiriba

Saratani ya mlango wa kizazi huanzishwa na kirusi, lakini si kila mwanamke anayeambukizwa kirusi hicho huugua. Kirusi chenyewe ni cha papiloma, kinachojulikana kwa herufi HPV, na huenea kwa kujamiiana. Watu wengi hukipata angalau mara moja maishani. Kwa walio wengi, kinga ya mwili hukifuta ndani ya mwaka mmoja au miwili, na mwenyewe hajui kwamba aliwahi kukibeba. Kwa wachache hubaki katika seli za mlango wa kizazi, na baada ya miaka 15 hadi 20 huweza kuzaa saratani. Mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika anaweza kufika hapo kwa miaka 5 hadi 10 tu. Mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu, na wapatao 350,000 walifariki, walio wengi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kwa nini mwanamke mmoja hupona maambukizo asiyoyajua, na jirani yake aliyeishi maisha kama yake akaugua? Sehemu ya jibu imo katika jeni za kinga, ambazo mtoto huzirithi kwa baba na mama. Utafutaji wa jibu hilo umechukua zaidi ya karne moja na nusu. Ulianzia kwenye vitabu vya vifo vya mji wa Italia, ukapita maabara za Ulaya na Marekani, ukafika Kigali. Leo unawahusu wanawake wa Nyakiriba, mmoja kati ya mirenge 12 (yaani tarafa) ya wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, si mbali na mji wa Gisenyi na mpaka wa Goma. Huko ugonjwa huu huitwa kwa Kinyarwanda kanseri y'inkondo y'umura.

Kirusi chatambuliwa

Mwaka 1842 daktari Domenico Rigoni-Stern wa Verona alipitia kumbukumbu za vifo vya mji wake za miaka mingi. Aliona kwamba saratani ya kizazi ilikuwa adimu kwa watawa na ya kawaida zaidi kwa wanawake walioolewa. Hakujua chochote kuhusu virusi, lakini takwimu zake zilidokeza kwamba ugonjwa huu ulihusiana na kujamiiana. Dokezo hilo lilikaa zaidi ya miaka mia moja bila kupata maelezo.

Uchunguzi ulitangulia maelezo. Mwaka 1928 George Papanicolaou, daktari mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi New York, alitoa taarifa kwamba seli za saratani zinaweza kuonekana kwa hadubini katika ute wa ukeni. Mwaka 1943 yeye na Herbert Traut walichapisha kitabu kuhusu njia hiyo. Katika nchi zilizoweza kuwaita wanawake kupima mara kwa mara, vifo vilishuka sana. Njia yenyewe ilihitaji maabara, wataalamu wa kusoma vioo vya hadubini na barua za kuwarudisha waliokutwa na kasoro. Nchi nyingi za Afrika hazikuwa na vitu hivyo vitatu kwa pamoja.

Mwaka 1951 Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi mwenye umri wa miaka 31, alifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Seli za uvimbe wake zilichukuliwa bila ridhaa yake, zikaendelea kuzaana katika maabara kwa jina la HeLa. Miongo mitatu baadaye seli hizo zilisaidia kufumbua siri ya ugonjwa uliomuua. Mwanasayansi Mjerumani Harald zur Hausen alishikilia kwamba kisababishi ni virusi vya papiloma, wakati wenzake wengi walivishuku virusi vya malengelenge. Mwaka 1983 kundi lake lilitenga HPV aina ya 16 kutoka katika uvimbe wa mlango wa kizazi, na mwaka 1984 aina ya 18. Vinasaba vya aina ya 18 vilikutwa pia ndani ya seli za HeLa. Mwaka 1999 uchunguzi wa sampuli kutoka nchi nyingi ulionyesha kwamba karibu kila saratani ya mlango wa kizazi, asilimia 99.7, ina HPV. Zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina ya 16 na ya 18 peke yake husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi duniani.

Ugunduzi huo ulijibu swali la nini na kuacha wazi swali la nani. Ikiwa karibu kila mgonjwa ana kirusi, na wenye kirusi ni wengi kuliko wagonjwa kwa mbali, lazima kuwe na jambo jingine linaloamua.

Jeni za kinga zagunduliwa

Jambo hilo lilikuwa likitafutwa katika maabara nyingine, kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1958 daktari Mfaransa Jean Dausset alieleza alama ya kwanza ya kundi lililokuja kuitwa HLA: protini zilizo juu ya seli nyeupe za damu, ambazo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Zilivutia kwanza madaktari wa kupandikiza viungo, kwa kuwa figo ya mtu mwenye HLA tofauti hukataliwa na mwili. Mwaka 1980 Dausset alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na George Snell na Baruj Benacerraf, waliochunguza jeni kama hizo kwa wanyama.

Kazi halisi ya protini hizo katika maisha ya kila siku ilibainika mwaka 1974 huko Canberra, Australia. Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walionyesha kwamba seli T, askari wa kinga, hazimtambui mvamizi peke yake. Humtambua pale tu kipande chake kinapoonyeshwa na protini ya kundi hili juu ya seli iliyoambukizwa. Walipewa Nobel mwaka 1996. Mwaka 1987 Pamela Bjorkman na wenzake walichapisha umbo la protini moja, HLA-A2, na katikati yake pakaonekana mfereji mwembamba ambamo kipande cha protini hulala.

Utaratibu wake ni huu. Karibu kila seli huvunjavunja sehemu ya protini zilizo ndani yake na kupandisha vipande juu ya ngozi yake kwa kutumia HLA, kama muuzaji wa maharage anavyochota konzi moja kutoka guniani ili mnunuzi ajue kilichomo. Seli T hupita na kukagua. Kipande kikiwa cha mwili wenyewe, huachwa. Kikiwa cha kirusi, seli hiyo huuawa. HLA za daraja la kwanza, yaani A, B na C, huonyesha vipande kwa seli T za kuua. Za daraja la pili, yaani DR, DQ na DP, huonyesha kwa seli T saidizi, ambazo huongoza mashambulizi yote. VVU huangamiza hasa hizi seli saidizi.

Jeni za HLA zimekaa katika kromosomu ya 6, nazo ndizo zenye tofauti nyingi kuliko jeni nyingine zozote za binadamu. Matoleo yake yaliyokwisha kuorodheshwa ni maelfu. Kila mtu hupata seti moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa kuwa mfereji wa kila toleo una umbo lake, kila toleo hushika vipande vya namna yake. Mwanamke mmoja anaweza kuwa na HLA zinazokamata vizuri protini za HPV ziitwazo E6 na E7, ambazo ndizo huisukuma seli kuelekea saratani. Mwingine ana HLA zinazovishika vipande hivyo kwa ulegevu, na seli T zake huchelewa kumwona adui.

HPV kwa upande wake hujificha. Huishi katika ngozi laini ya juu ya mlango wa kizazi, haiingii kwenye damu wala haileti uvimbe na homa vinavyoita kinga. Protini yake ya E5 huzuia HLA zisifike juu ya seli, na E7 hupunguza utengenezaji wake. Saratani iliyokomaa mara nyingi huwa imepoteza baadhi ya HLA kabisa. Mvutano huu kati ya kirusi kinachojificha na kinga inayotafuta ndio uwanja ambamo tofauti ndogo za urithi hupata uzito.

Kinga ya urithi yahusishwa na saratani

Mwaka 1991 Rüdiger Wank na Christine Thomssen walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliofanywa kwa wanawake wa Ujerumani. Waligundua kwamba wenye kundi la HLA lililoitwa wakati huo DQw3 walionekana zaidi miongoni mwa wagonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi. Nchi nyingine zilijaribu kurudia. Baadhi zilikubaliana nao, nyingine hazikuona kitu, na ubishi ukaendelea. Mwaka 1994 utafiti wa wanawake wa asili ya Kihispania huko New Mexico, Marekani, ulihusisha toleo la DRB1*15:01 na saratani yenye HPV aina ya 16. Polepole picha ikaanza kutulia: katika tafiti nyingi, matoleo ya DQB1*03 yalielekea upande wa hatari, na ya DRB1*13 upande wa ulinzi.

Uswidi ilileta ushahidi wa namna nyingine. Nchi hiyo ina daftari la kitaifa la saratani na kumbukumbu kamili za familia. Mwaka 1999 watafiti walilinganisha ndugu wa damu na jamaa wa kulea. Mwanamke ambaye mama yake mzazi au dada yake wa damu aliugua alikuwa na hatari inayokaribia mara mbili ya kawaida, lakini mama wa kulea hakuleta ongezeko la kiasi hicho. Malezi ya nyumba moja pekee hayangeweza kueleza tofauti hiyo. Damu ilikuwa na sehemu yake. Hesabu zilizofuata ziliweka mchango wa urithi kwenye takriban robo ya tofauti za hatari kati ya wanawake. Maana yake ni kwamba urithi una nguvu ya kweli, na kwamba sehemu kubwa zaidi iko nje yake.

Teknolojia ilipowezesha kupima sehemu mamia ya maelfu za vinasaba kwa mara moja, swali liliulizwa upya bila kuchagua jeni mapema. Mwaka 2013 kundi la Uswidi lilichunguza wagonjwa zaidi ya 1,000 na wanawake wasio wagonjwa wapatao 4,000, na ishara zenye nguvu zikatokea kromosomu ya 6, katika eneo la HLA na karibu na jeni ya MICA, ambayo hutoa alama ya hatari kwa seli za kuua za asili. Mwaka huohuo watafiti wa China walipata ishara katika HLA-DPB1. Mwaka 2021 utafiti mkubwa wa Uingereza ulirudi kwenye eneo lilelile na kuongeza jeni nyingine nje yake. Katika maelfu ya jeni za binadamu, kompyuta iliyoachiwa ichague yenyewe iliishia tena na tena penye kinga.

HLA si peke yake. Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, kilichunguza wanawake wa Rasi ya Magharibi na mwaka 2010 kikaripoti kwamba tofauti moja katika jeni ya CCR2, inayoongoza mwendo wa seli za kinga, ilihusiana na saratani ya mlango wa kizazi. Haikuhusiana na maambukizo yenyewe. Matokeo hayo yanaonyesha kwamba jeni moja inaweza kukaa kando wakati kirusi kinapoingia, na kuwa na la kusema miaka mingi baadaye seli zinapobadilika.

Mwanamke wa Afrika katika utafiti huo

Tafiti nyingi zilizotajwa zilifanyiwa wanawake wa Ulaya, Asia ya Mashariki na Marekani, ilhali ugonjwa huu hukaa zaidi Afrika. Pengo hilo lina gharama ya kisayansi. Watu wa Afrika wana tofauti za vinasaba nyingi kuliko watu wa bara lolote lingine, na matoleo ya HLA hayafanani. Toleo la DRB1*15:01, lililotajwa New Mexico, ni la kawaida Ulaya. Afrika kusini mwa Sahara nafasi yake hushikwa zaidi na DRB1*15:03. Tofauti ni ndogo kwa maandishi, lakini inaweza kubadilisha umbo la mfereji na kipande kinachoshikwa. Kwa hiyo orodha ya hatari iliyotengenezwa Stockholm haiwezi kuchukuliwa na kusomwa Rubavu kana kwamba iliandikwa huko.

Afrika Mashariki yenyewe haikuwa bila kumbukumbu. Daftari la saratani la Kampala lilianzishwa miaka ya 1950, na kwa miongo mingi limeonyesha saratani ya mlango wa kizazi ikiongoza miongoni mwa wanawake. Nchini Rwanda daftari lilianza Butare mwaka 1991. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1996, na mlango wa kizazi ulikuwa miongoni mwa saratani zilizowaumiza zaidi wanawake. Lakini kazi hiyo ilikatwa mwaka 1994 na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wauguzi na madaktari waliuawa au walikimbia na hospitali zikaporwa. Gisenyi ikawa njia ya mamia ya maelfu ya watu waliovuka kwenda Goma mwezi Julai mwaka huo, kisha eneo la mashambulizi ya waasi hadi mwishoni mwa muongo.

Taarifa za kwanza za kina kuhusu HLA za wanawake wa Rwanda zilitokana na VVU. Kundi la utafiti lililoanzishwa Kigali na Susan Allen katika miaka ya 1980 lilikuwa likifuatilia wanawake na wenzi wao. Mwaka 2000 Jianming Tang, Richard Kaslow na wenzao, akiwemo Etienne Karita wa Rwanda, walichapisha sifa za HLA za daraja la kwanza na la pili kwa wanawake Wanyarwanda. Lengo lilikuwa kuelewa VVU, lakini ramani hiyo ndiyo msingi ambao swali la HPV pia linaweza kuegemea.

Mwaka 2005 ulianza mpango mwingine mjini Kigali, ujulikanao kwa kifupi kama RWISA, uliowaandikisha wanawake 936, kati yao 710 wakiwa na VVU. Wengi wao walikuwa wamenusurika ubakaji wa mwaka 1994. Waliokuwa na VVU walikutwa na HPV mara nyingi zaidi. Matokeo hayo yanalingana na yanayojulikana duniani: mwanamke mwenye VVU ana uwezekano wa kupata saratani ya mlango wa kizazi takriban mara 6 ya asiye na VVU. Hakuna toleo la HLA linalojulikana kuwa na athari ya ukubwa huo. Uchunguzi uliofanywa Kigali mwaka 2013 na 2014 kwa wanawake zaidi ya 2,500 ulikuta HPV kwa takriban theluthi moja. Kirusi kilikuwa kila mahali, saratani ilichagua.

Nyakiriba na chanjo

Nyakiriba ni umurenge wa vilima vyenye udongo wa volkano, ambako watu wengi hulima viazi, maharage na mboga. Wanawake hubeba sehemu kubwa ya kazi ya shamba na ya kupeleka mazao sokoni, Mahoko au Gisenyi. Siku moja ya kwenda kupima afya bila kuumwa ni siku ya shamba au ya soko iliyopotea, na hesabu hiyo huamua mambo mengi kuliko inavyodhaniwa ofisini.

Ngazi ya huduma huanzia kijijini, ambako wahudumu wa afya ya jamii, abajyanama b'ubuzima, huchaguliwa na majirani zao. Juu yao kuna kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya ya Gisenyi, kisha hospitali za rufaa Kigali, zaidi ya kilomita 150 kwa barabara. Bima ya afya ya jamii iitwayo mutuelle, iliyoanza kwa majaribio mwaka 1999 na kuenea nchi nzima katika muongo uliofuata, ilipunguza gharama. Mwaka 2011 michango iligawanywa kulingana na uwezo, kati ya faranga 2,000 na 7,000 kwa mtu kwa mwaka, na walio maskini zaidi walilipiwa.

Ngazi hiyo ndiyo iliyobeba chanjo ya HPV. Chanjo yenyewe ilitokana na kazi ya Ian Frazer na Jian Zhou huko Queensland, Australia, mwaka 1991, na ya Douglas Lowy na John Schiller nchini Marekani. Walitengeneza ganda la kirusi lisilo na vinasaba ndani, ambalo huifundisha kinga bila kuweza kuambukiza. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2006. Mwezi Aprili 2011 Rwanda ikawa nchi ya kwanza Afrika kuanzisha mpango wa kitaifa wa chanjo hiyo, ikisaidiwa na kampuni ya Merck iliyoahidi dozi milioni 2 kwa miaka mitatu.

Walengwa walikuwa wasichana wa darasa la sita la shule ya msingi. Sababu ilikuwa ya vitendo: karibu wasichana wote wa umri huo walikuwa shuleni. Siku ya chanjo wauguzi walifika shuleni na masanduku ya barafu, mwalimu akasoma majina kutoka daftari la darasa, na kila aliyechomwa akawekewa alama. Asiyekuwepo alifuatwa nyumbani na mhudumu wa afya wa kijiji chake, na wasichana waliokuwa wameacha shule walitafutwa kwa njia hiyohiyo. Kabla ya siku hiyo viongozi wa vijiji, walimu na viongozi wa dini walikuwa wamezungumza na wazazi, wakijibu hofu kwamba chanjo ingewafanya mabinti wagumba. Mwaka huo wasichana zaidi ya 90,000 walianza chanjo nchini, na asilimia 93.23 ya walengwa wakamaliza dozi tatu. Miaka miwili iliyofuata chanjo ikawafikia pia wasichana wa mwaka wa tatu wa sekondari.

Si wote walioafiki. Mwaka 2011 watafiti kadhaa waliandika katika jarida la Lancet wakihoji kama ugonjwa huu ulistahili kutangulizwa, na wakatahadharisha kuhusu maslahi ya kampuni ya dawa. Agnes Binagwaho, aliyekuwa Waziri wa Afya wakati huo, alijibu pamoja na wenzake kwamba kuwanyima wasichana wa Afrika kinga ambayo wa Ulaya wanapewa hakukubaliki. Matokeo yamempa haki. Nchini Uingereza, utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wasichana waliopewa chanjo wakiwa na miaka 12 hadi 13 walipata saratani ya mlango wa kizazi pungufu kwa asilimia 87. Nchini Rwanda, vipimo vya mkojo wa wasichana wa shule vilionyesha kushuka kwa aina za HPV zinazolengwa na chanjo.

Hapa ndipo suala la jeni hupata jibu lake la vitendo. Ulinzi wa chanjo hutegemea kingamwili zinazokizuia kirusi kabla hakijaingia kwenye seli, na karibu kila msichana aliyechanjwa huzitengeneza, hata awe na HLA gani. Binti wa Nyakiriba aliyechanjwa amerithi nusu ya jeni za HLA za mama yake, na huenda pia zile dhaifu mbele ya HPV kama zipo. Hata hivyo hakurithi hatari yote ya mama yake, kwa sababu seli zake hazitalazimika kukionyesha kirusi ambacho hakikuingia.

Wasiopata chanjo

Mama ndiye aliyebaki wazi. Msichana aliyekuwa na miaka 12 mwaka 2011 alikuwa na takriban miaka 26 mwaka 2025, na saratani hii huwapata zaidi wanawake waliovuka umri huo. Wanaougua sasa ni wale waliokuwa wakubwa mno chanjo ilipofika. Kwao njia ni kupima.

Kipimo rahisi kuliko vyote hutumia siki. Muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa juu ya mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha huangalia kwa taa. Sehemu yenye seli zilizoanza kuharibika hugeuka nyeupe, na mara nyingi inaweza kuunguzwa kwa baridi au kwa joto siku hiyohiyo. Kipimo cha vinasaba vya HPV ni makini zaidi, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Nchini Rwanda walengwa ni wanawake wa miaka 30 hadi 49, na wenye VVU kuanzia miaka 25, kwa kuwa kwao ugonjwa hukua haraka.

Tiba nayo imesogea. Kituo cha saratani cha Butaro kilifunguliwa wilayani Burera mwaka 2012 kwa ushirikiano wa serikali na shirika la Partners In Health. Mionzi, ambayo hapo awali ilimlazimu mgonjwa kusafirishwa Uganda au Kenya, ilianza kutolewa katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe, Kigali, na kituo chake kikazinduliwa rasmi mwaka 2020.

Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitangaza mkakati wa kutokomeza ugonjwa huu kabla ya mwisho wa karne. Kufikia mwaka 2030, asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa wakiwa na miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya waliokutwa na ugonjwa watibiwe. Rwanda imejiwekea mwaka 2027 kuyafikia malengo hayo. Utafiti wa KEN SHE, uliofanywa Kenya kwa wasichana na wanawake 2,275 wenye miaka 15 hadi 20 na kuchapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba hata dozi moja hukinga kwa kiwango cha juu sana, na mwaka huohuo shirika hilo likaruhusu dozi moja.

Jeni bado zina kazi. Kujua ni matoleo gani ya HLA yanayoshika vizuri vipande vya E6 na E7 kwa wanawake wa Afrika Mashariki kutasaidia kutengeneza chanjo za tiba, zile zinazokusudiwa kwa mwanamke ambaye tayari ana kirusi. Kazi hiyo haina budi kufanywa kwa damu ya wanawake wa eneo hili, kwa ridhaa yao, na faida irudi kwao. Henrietta Lacks hakupata hata moja kati ya hayo.

Mwanamke wa Nyakiriba hahitaji kusubiri mwisho wa utafiti huo. Jeni hazibadilishwi na wala kipimo cha jeni hakihitajiki ili kujikinga. Ikiwa mama au dada aliugua, hiyo ni sababu ya kupima bila kuchelewa, wala si hukumu. Msichana wa miaka 12 apelekwe kuchanjwa. Mwanamke aliyefika miaka 30, au 25 akiwa na VVU, aende kituo cha afya apimwe hata kama haumwi, kwa kuwa saratani hii hutibika vizuri zaidi kabla haijauma.